Mabugo kwa Msiba wa Mbali

  

Wasikilizaji, leo nataka tuzungumze kuhusu meza moja ndogo.

Meza hiyo mnaijua. Kila aliyewahi kwenda msibani Buganda amepita mbele yake. Huwekwa pembeni mwa turubai, karibu na njia ya kuingilia. Juu yake pana daftari la shule la kurasa 96, kalamu, na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nyuma yake ameketi mtu mmoja anayeaminiwa na mtaa mzima. Mwombolezaji anafika, anataja jina lake, anatoa alichonacho. Jina linaandikwa, na kiasi kinaandikwa. Baadaye mtu anasimama mbele ya waombolezaji na kusoma kilichopatikana.

Hayo ndiyo mabugo. Neno lenyewe limetokana na lubugo, kitambaa kinachotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Zamani jamaa na majirani walileta vitambaa hivyo ili marehemu avikwe kwa heshima. Siku hizi tunaleta noti, na wengine wanatuma kwa simu, lakini jina tumelihifadhi.

Niliwahi kukaa karibu na meza hiyo katika msiba wa jirani. Akaja kijana wa boda boda, kofia ngumu bado iko kichwani, akatoa sarafu ya shilingi 500. Mweka hazina, mama mtu mzima, akamwomba avue kofia amwone uso. Akaandika jina lake taratibu, akimuuliza herufi moja moja. Muda wa kusoma ulipofika, alilisoma jina la kijana yule kwa sauti ileile aliyolisomea la mfanyabiashara aliyeleta laki mbili. Nilipomsaidia kukunja turubai jioni nikamuuliza, "Mama, hata mia tano unaisoma?" Akanijibu, "Mwanangu, pesa siisomi mimi. Mimi nasoma nani alikuja."

Jibu hilo sijalisahau, na ndilo lililonileta hapa leo. Maana kila mwaka tunasikia kwamba mahali fulani ardhi imetetemeka. Uturuki na Syria, Februari 2023, zaidi ya watu 50,000 wakafa. Morocco, Septemba mwaka huohuo, karibu watu 3,000. Myanmar, Machi 2025. Tunasikia, tunasikitika, tunabadilisha idhaa. Tunasema: yale ni ya mbali, na sisi ni maskini, tutatoa nini? Mimi nasema meza ya mabugo inaweza kuwekwa hata kwa msiba wa nchi nyingine. Kampala imewahi kuiweka, na walioiweka ni watu ambao hakuna hata mmoja wetu angethubutu kuwaomba mchango.

Twende Kireka. Ukitoka mjini kwa Jinja Road, ukapita Nakawa na kukaribia Banda na Kireka, utakuta kilima ambacho ubavu wake umechimbwa ukabaki mwamba mtupu. Hapo pana mtaa unaoitwa Acholi Quarter. Uliwapokea watu waliokimbia vita vya kaskazini, kati ya serikali na Lord's Resistance Army, vilivyowang'oa Waacholi wengi kutoka Gulu na Kitgum. Mwaka 2005, ninaotaka kuuzungumzia, zaidi ya watu milioni moja kaskazini walikuwa bado wanaishi kambini. Waliofika Kireka hawakuwa na shamba wala mtaji. Walichokikuta ni mwamba.

Naomba tuitazame kazi ya kuponda kokoto kwa karibu, maana wengi wetu tunapita kwa gari tukaona vumbi tu. Mwanamke ameketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto amelala kwenye kanga kando yake. Mkono wa kushoto unashika jiwe, wa kulia unashika nyundo. Anapiga, anageuza jiwe, anapiga tena, mpaka bonge linakuwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vipande vinajaza debe. Debe linangoja mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Jua likiwa kali mwamba unachoma. Mvua ikinyesha hakuna lori linalopanda kilima. Mapato ya mwanamke wa pale wakati huo yalitajwa kuwa kama dola 1.20 kwa siku.

Wengi wa wanawake hao walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi. Waliunganishwa na Meeting Point International, shirika la hapa Kampala lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na muuguzi Rose Busingye. Huko walipata dawa, walipata wa kuwasikiliza, na wakapata kukaa pamoja, wakaimba na kucheza ngoma za kwao.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kingo za kuzuia maji za New Orleans zikapasuka, asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji, na zaidi ya watu 1,300 wakapoteza maisha. Habari zikafika Kireka. Wanawake wapatao 200 wakaanza kuchanga kutokana na kokoto. Walipomaliza walikuwa na takriban dola 900, kwa shilingi zetu za wakati ule zaidi ya milioni moja na nusu, na fedha hizo zikakabidhiwa kwa Wamarekani kupitia ubalozi wao hapa mjini.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua dola 900, gawanya kwa dola 1.20. Unapata siku 750. Mwanamke mmoja akiponda mawe kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwamo, bila kula wala kununua sabuni, angehitaji zaidi ya miaka miwili kuzipata. Hizo ndizo siku ambazo kilima cha Kireka kiliipa New Orleans.

Magazeti ya ng'ambo yalishangaa. Waathirika wa vita, wagonjwa, wakimbizi ndani ya nchi yao, wanaichangia Marekani, nchi tajiri kuliko zote! Mimi naona kwamba sisi wa hapa hatukuwa na sababu ya kushangaa. Hebu jiulize: tajiri wa mtaa wenu akifiwa, maskini anabaki nyumbani akisema huyu ana vyake? Anakwenda. Anakwenda na shilingi 1,000 yake, anatoa jina, anaketi chini ya turubai pamoja na wenye magari. Hakuna anayemwuliza kama tajiri anaihitaji ile 1,000. Msibani hatupimi mfuko wa mfiwa. Tunapima kama tumefika au hatukufika.

Wanawake wa Kireka walijua kulala nje ya nyumba yao. Walijua kutafuta mtoto usiku bila kujua kama yu hai. Walipoulizwa, walisema wale walioathirika ni watu wao. Nami nawaamini, kwa sababu watu hawapondi mawe siku 750 kwa ajili ya mgeni.

Wasikilizaji, Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Baganda wameyafupisha maneno hayo yakawa mawili, munno mukabi, rafiki wa shidani, kisha wakayafanya jina la chama. Mitaa mingi ya Kampala ina munno mukabi yake. Wanachama wanatoa kidogo kila mwezi, wana viti na turubai, wana masufuria makubwa, na mmoja akifiwa wote wanajua kazi yao: nani anachimba, nani anapika, nani anashika daftari. Ongeza hapo vyama vya akiba vya akina mama, vikundi vya boda boda, kwaya za makanisa, kamati za misikiti, vyama vya watu wa nyumbani waliohamia mjini. Tunapozungumza kuhusu muungano wa jamii wa kusaidia maafa, watu wengi hudhani tunahitaji ofisi, magari meupe na wafadhili. Muungano tunao tayari. Unakutana kila Jumamosi makaburini.

Sasa nije kwenye tetemeko lenyewe, na kwa jirani wa karibu kabisa.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, nilikuwa mezani na kikombe cha chai. Kikombe kikaanza kucheza juu ya kisahani, kikigonga kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Nikadhani ni lori linapita. Kisha taa ya darini ikaanza kuyumba, na nje mbwa wakabweka wote kwa pamoja. Ilichukua muda mfupi mno, hata mtoto aliyekuwa chumba cha pili hakuamini nilipomwambia. Kwetu Kampala ilikuwa hivyo tu. Kule Bukoba, Tanzania, nyumba za tofali zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa maeneo ya Missenyi mkoani Kagera, hatua chache kutoka mpaka wetu. Watu wasiopungua 17 walikufa upande wa Tanzania, mamia wakajeruhiwa, maelfu wakakosa pa kulala. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Upande wetu pia, Rakai, nyumba zilipasuka na kuanguka, kwa maana ardhi ikitetemeka haiulizi mpaka uko wapi.

Rais Museveni alituma Tanzania msaada wa dola 200,000, na Kenya nayo ikapeleka mabati, magodoro na mablanketi. Ilikuwa sahihi, na kwa Uganda ilikuwa zaidi ya ujirani. Kumbukeni ardhi ile ni ipi. Missenyi ndiyo ardhi ambayo majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa. Kutokana na uvamizi huo Tanzania iliingia vitani, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa huru mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Wakulima wa ndizi na kahawa wa Missenyi ndio waliolipa mwanzo wa safari hiyo. Kwa hiyo nyumba zao zilipoanguka mwaka 2016, Kampala ilikuwa na sababu ya kufika mapema kuliko miji mingine yote.

Serikali ilifika. Je, mitaa yetu ilifika? Kila mmoja ajijibu. Mimi nilisema pole, nikamaliza chai yangu. Najuta mpaka leo, maana basi la kwenda Bukoba kupitia Masaka na Mutukula ni safari ya siku moja, na mtaani kwangu palikuwa na munno mukabi yenye daftari, kikapu na mama wa kuaminika. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema: jamani, tuiweke meza.

Kagera ilitufundisha mambo mengine mawili, na yote mawili yanahusu daftari.

La kwanza, fedha za maafa zina wenye kuzimendea. Michango ilipokuwa ikiingia, ilibainika kwamba kulikuwa na akaunti nyingine ya benki iliyofunguliwa kwa jina lilelile la akaunti rasmi ya kamati ya maafa. Rais Magufuli aliwaondoa kazini viongozi kwa sababu hiyo. Fikirini mtu wa mbali aliyetuma mchango wake kwa moyo safi, halafu akasikia habari hiyo kwenye redio. Safari ijayo atatuma? Ndiyo maana msibani meza huwa moja. Ukiona meza mbili chini ya turubai moja, uliza kwanza.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna mwizi. Serikali ya Tanzania ilieleza kwamba fedha zilizochangwa zingerudisha majengo ya umma, shule na kadhalika, na kwamba kila mwananchi angejijengea nyumba yake. Serikali ina hoja: shule ya sekondari inatumikia vizazi, na nyumba za maelfu ya watu haziwezi kujengwa kwa michango hiyo. Lakini wapo waliokuwa wametoa wakimwona akilini bibi kizee aliyelala chini ya migomba huku mvua ikinyesha, na wapo waliokuwa chini ya migomba hiyo wakisubiri. Walioumia pande zote mbili waliumia kwa neno ambalo halikusemwa mapema. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya jina la kwanza, liandikwe kusudi: mabati, au dawa, au madarasa. Litangazwe, wote wasikie, kisha ndipo kikapu kifunuliwe.

Kabla sijataja kanuni nyingine za meza hii, niwape mfano mmoja wa Afrika Mashariki ambao kila nikiukumbuka unanipa nguvu.

Mwaka 1985 Ethiopia ilikuwa katikati ya njaa ambayo dunia nzima iliiona kwenye televisheni. Watoto walikuwa wakifa makambini, na ndege za chakula zikitua Addis Ababa kutoka kila pembe. Mwezi Septemba mwaka huo tetemeko kubwa likabomoa sehemu za jiji la Mexico, likaua maelfu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Ethiopia kikatuma dola 5,000 Mexico. Mtu angeweza kudhani ni makosa ya uchapaji, kwamba fedha zilikuwa zikitoka Mexico kwenda Ethiopia. Hapakuwa na makosa. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, Mexico ilisimama upande wa Ethiopia na kuisaidia, wakati mataifa makubwa yakiangalia pembeni. Miaka 50 ilipita, mfalme akapinduliwa, njaa ikaingia, na bado kuna mtu aliyefungua daftari akaona jina la Mexico. Hata leo Addis Ababa ina uwanja unaoitwa Mexico, na jiji la Mexico lina kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa Etiopía.

Dola 5,000 haziwezi kujenga mji. Lakini ni nani leo anayekumbuka nchi tajiri zilituma ngapi Mexico mwaka ule? Ya Ethiopia inakumbukwa, kwa kuwa aliyeileta naye alikuwa msibani kwake.

Sasa kanuni. Wataalamu wa maafa wana vitabu vinene, na mimi nimekuwa nikivifananisha na meza yetu. Nimekuta tunayajua mengi kabla ya kufundishwa.

Mabugo huja mapema. Tetemeko linapopiga, waliofukiwa huokolewa na majirani wenye mikono mitupu na majembe, katika saa za mwanzo. Kampala haiwezi kufika saa hizo. Kazi ya walio mbali inaanza kesho yake: maji, hema, dawa, chakula, na baadaye paa. Lakini ukiitisha kikao leo, ukachagua kamati wiki ijayo, ukachapisha fulana mwezi ujao, utafika watu wakiwa wameshazika, wameshaanua turubai. Kikundi chenye daftari tayari kinaweza kumaliza kukusanya kwa siku 3.

Mabugo ni fedha. Hili naomba tulisikilize vizuri, maana mioyo yetu myema hutukosesha hapa. Kila baada ya maafa makubwa hufurika mabunda ya nguo kuukuu, mpaka bandari na maghala ya waathirika yanaziba, na watu wanaohitajika kubeba dawa wanashinda wakichambua makoti. Sisi tunaolijua soko la Owino tunajua gharama ya bunda moja la mitumba kufika Kampala: meli, forodha, lori, vibarua. Kulipeleka bunda hilo Bukoba ni gharama ileile kinyumenyume. Fedha inavuka mpaka kwa simu, na huko Bukoba kuna mwenye duka la mabati ambaye naye nyumba yake imepasuka na anahitaji mteja.

Mabugo hukabidhiwa kwa anayejulikana. Msiba wa nchi nyingine una wenyewe: Msalaba Mwekundu wa nchi ile, ubalozi wake hapa mjini, dayosisi, msikiti, chama cha wenyeji wa kule wanaoishi Kampala. Hao wa mwisho ndio muhimu kuliko wote. Kabla ya kuweka meza kwa ajili ya Wakongo, mkalishe Mkongo nyuma ya meza hiyo. Kabla ya kuchangia Bukoba, mtafute Mhaya wa Kampala. Yeye ndiye anayejua kama watu wa kwao wanahitaji blanketi au wanahitaji mbegu.

Na mfiwa ndiye anayesema apokee nini na kwa nani. Morocco, baada ya tetemeko la 2023, ilipokea mwanzoni vikosi vya uokoaji vya nchi 4 tu, na nyingine zilizokuwa tayari zikaambiwa zisubiri. Waliokataliwa walinung'unika. Lakini nani kati yetu huingia jikoni kwa mfiwa bila kuitwa? Tunasimama mlangoni, tunasema tupo, na tunangoja kuonyeshwa pa kuchotea maji.

Mwisho, mabugo husomwa. Wasomewe waliotoa, kwamba kiasi fulani kilipatikana, kikakabidhiwa kwa fulani, na risiti hii hapa. Wasomewe kwa jina, pamoja na yule wa mia tano. Uaminifu hujengwa kwa kusoma hadharani, na ukishajengeka, msiba unaofuata hauhitaji matangazo.

Najua kuna msikilizaji ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nianze. Anasema: wewe unatuambia Mexico na Morocco, na Kiteezi je? Ana haki. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka za Kampala ulibomoka ukawafunika majirani zetu usingizini, zaidi ya 30 wakafa. Bududa kilima kinameza watu mwaka baada ya mwaka. Machi 2010 kijiji cha Nametsi kiliondoka na watu wake. Hata tetemeko si la wengine tu. Milima ya magharibi yetu inakaa juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 20 Machi 1966 Toro ilitetemeka watu zaidi ya 100 wakafa, na mwaka 1994 Fort Portal ikatikiswa tena. Kwa nini shilingi ivuke mpaka?

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima, na nakujibu kwa Kireka tena. Wanawake walewale walioichangia New Orleans walikuwa pia wakiviringisha karatasi za magazeti kuwa shanga. Unakata karatasi pembetatu nyembamba, unaiviringisha kwenye sindano kuanzia upande mpana, unabandika ncha kwa gundi, unapaka vanishi, unatunga kwenye uzi. Mikufu hiyo iliuzwa ng'ambo, hasa Italia, na mapato yake yakasaidia kujenga sekondari ya Luigi Giussani hapahapa Kampala, wanakosoma watoto wao. Aliyetoa kwa ajili ya mbali hakupungukiwa na nguvu ya kujenga karibu. Nilivyoona mimi, mtaa unaoamka kwa ajili ya Bukoba ndio unaoamka kwa ajili ya Kiteezi, kwa sababu daftari ni lilelile, mweka hazina ni yuleyule, na wanachama wamezoea kuitwa. Mtaa ambao haujawahi kuiweka meza hiyo, siku kilima chake kitakapoporomoka utaanza kwa kutafuta kalamu.

Na kuna jambo jingine ambalo ni la heshima yetu. Kwa miaka mingi jina la Uganda limesomwa upande wa wanaopokea. Tumepokea, tunashukuru, na sisi nasi tumewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hilo lisisahaulike. Lakini mtoto anayekua akisikia nchi yake inatajwa kwenye orodha ya wanaosaidiwa tu, anaanza kuamini kwamba Mungu alimpa mikono ya kukinga. Mtoto wa Acholi Quarter aliyemwona mama yake akipeleka shilingi za kokoto kwa Wamarekani hawezi kuaminishwa hivyo.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu leo, na si kubwa. Wewe uliye mwanachama wa munno mukabi, wa kikundi cha akiba, wa kwaya, wa stendi ya boda boda: kikao kijacho, kabla ya kufunga, inua mkono. Omba ukurasa mmoja wa daftari ubaki wazi, na juu yake paandikwe: msiba wa mbali. Amueni sasa, mioyo ikiwa imetulia, nani atashika kikapu, nani atampigia simu mtu wa nchi husika, na kwa siku ngapi mtakusanya. Msitoe hata shilingi leo. Fungeni daftari mwende nyumbani.

Siku ardhi itakapotetemeka mahali, nasi tukasikia kwenye redio hii, ukurasa upo. Kijana wa boda boda atavua kofia, atataja jina lake herufi moja moja. Na huko kwenye msiba wenyewe, wiki moja baadaye, mtu mwenye daftari lake atasimama mbele ya watu waliolala nje, aanze kusoma nani alikuja. Nataka watu wale waisikie Kampala ikisomwa.